Emoit na Kibati cha Ndani

Kwa miaka kumi na tisa mume wangu Emoit hakumtazama mama yangu usoni hata mara moja, na ukoo mzima ukamsifu kuwa ana adabu. Mimi niliyekuwa nikimwona anavyokimbia nilijua adabu ile ilichanganyika na woga, tena woga ndio uliokuwa mwingi. Lakini kwetu Wasamia, na kwao Wateso vilevile, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hali chakula naye. Wakikutana njiani, mkwe anajitupa pembeni, hata kama pembeni kuna matope. Mama mkwe akiugua, dawa inapelekwa kwa mkono wa mtu mwingine, na akifa, mkwe haiangalii maiti yake. Mambo hayo hatukuyatunga sisi, tuliyakuta.

Mama yangu, Benedeta, aliijua desturi hiyo na akaitumia kama fimbo. Emoit ana kibanda cha ufundi wa umeme hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na soko la Sofia. Mama alikuwa akitoka Masaba kuja kuuza mihogo, na akimaliza hutafuta kivuli cha kupumzikia. Busia ina vivuli vingi, ila kilichompendeza yeye ni kile kilichotazamana na kibanda cha mkwewe. Ataketi pale, atavua viatu, atanyoosha miguu. Huku ndani Emoit kajificha nyuma ya rundo la nyaya, wateja wanabisha hodi na hakuna wa kuwaitikia. Siku moja nilimwomba mama ahamie kivuli kingine. Akanijibu, "Mimi ndiye nilimzaa yeye? Kama anaona shida na macho yangu, afunge ya kwake."

Emoit alizaliwa Osukuru, chini ya vile vilima wanakochimba mawe ya mbolea. Umeme alifundishwa Tororo na mzee aliyeitwa Owor, ambaye hakuwa na cheti wala meno ya mbele, lakini hakuna nyumba aliyoitia waya ikaungua. Owor alikuwa na somo moja tu, akalirudia mpaka akafa. Kila mashine kubwa ina kibati ubavuni. Kibati kile kimeandikwa mashine inakula umeme kiasi gani, waya wake unatakiwa kubeba umeme usiopungua kiasi gani, na breka yake, ile swichi inayojizima umeme ukizidi, isipite ukubwa gani. "Soma kibati kwanza," alikuwa akisema. "Usiposoma, wewe si fundi, wewe ni mpiga ramli." Mwanafunzi aliyekosea kuchagua waya alichapwa kwa waya aliopaswa kuuchagua. Ndiyo sababu mpaka leo Emoit anauheshimu sana waya wa milimita kumi.

Owor alimwachia na tabia nyingine. Emoit akishamaliza kufunga umeme, haondoki. Anaketi karibu na mashine saa nzima au mbili, na kila baada ya muda anaugusa waya kwa mgongo wa mkono, kama mama anayempima mtoto homa. Waya ukiwa vuguvugu anaendelea kupiga soga. Ukiwa wa moto ananyamaza, na akinyamaza ujue kuna mtu atavunjiwa ukuta. Hapo ndipo nilipompendea, kama kuna anayetaka kujua. Alikuja kufunga taa shuleni nilikokuwa nikipika, akakaa akigusa waya mpaka uji ukaiva, nikaona huyu angalau hana haraka ya kutoroka.

Sasa ngoja niseme kosa lake, maana yeye mwenyewe halikatai.

Edgar ni mwenye kliniki hapa mjini. Mwaka huu aliamua kliniki yake iwe na mochari, na wenye ulimi walisema amefanya vizuri kuikamilisha, kwa sababu wagonjwa wake wengi walikuwa wakielekea huko huko. Chumba cha baridi alikinunua Kenya, katika kiwanda cha samaki kilichokuwa kimefungwa. Kilikuwa chumba kizima cha kuta nene za povu, pamoja na mashine yake ya baridi, kubwa kama kabati la sakristia, inayochomekwa ukutani nusu iwe ndani na nusu iwe nje. Ili ivuke mpaka bila maswali mengi, Edgar akakibandua kibati cha nje, akaipaka mashine matope na oili chafu ionekane chuma chakavu. Wajanja wa mpakani wanadhani hapo wanamdanganya mtu wa forodha. Anayedanganyika ni fundi.

Emoit alipoitwa kuifunga akauliza kibati kiko wapi. Edgar akasema cha nje kimepotea, lakini kuna kingine ndani, juu, nyuma ya feni. Kilichotakiwa ni kuingia na kupanda kigoda. Siku ile chumba kilikuwa kitupu, hakina maiti wala mama mkwe wa mtu. Lakini kilinuka samaki wa miaka kumi, na Emoit alikuwa amevaa shati la kanisani. Akaona atumie njia ya mkato. Akawasha mashine, akaubana waya kwa mita ya kupimia umeme, akasoma ampea kumi na tisa. Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha, chumba hakina kitu. Mashine haikuwa na kazi, ilikuwa kama mtu anayesukuma baiskeli mteremkoni. Akaweka breka ya ishirini na tano, na waya wa milimita nne, kwa sababu ulibaki nusu bunda kutoka kazi nyingine. Waya akaupitisha chini ya bati la paa, ndiyo njia fupi. Kisha akakaa, akagusa, akaona ni baridi, akarudi nyumbani na furaha yake. Owor angekuwa hai angemchapa kwa waya wa kumi, na mimi ningemshikia miguu.

Miezi mitatu ikapita. Mama akafariki Jumanne, asubuhi, akimenya mihogo. Moyo ulisimama tu. Alikuwa na miaka sabini na mbili na siku moja kabla alikuwa amemtukana jirani kwa sauti nzima, kwa hiyo hatukuwa tumejiandaa. Mjomba Maloba, mdogo wake, ndiye aliyeshika mambo ya mazishi. Alisema tuzike Jumamosi, ili mdogo wangu Prossy afike. Prossy anafanya kazi za ndani Muscat, ana miaka minane hajamwona mama. Tajiri wake alimpa ruhusa na ndege yake ingefika Ijumaa. Kwenye simu hakuuliza jeneza, hakuuliza nguo. Alisema, "Dada, nikute sura yake. Usiache wamfunike kabla sijafika."

Nikamwambia hatutamfunika. Mochari iliyo karibu ilikuwa moja, ya Edgar. Ndivyo mama yangu, aliyekuwa hali mputa, yule sangara wa ziwani, maisha yake yote kwa kusema kwamba samaki anayekula wenzake si chakula cha mtu, alivyolazwa katika chumba cha mputa.

Alhamisi saa tano nilikwenda kliniki kupeleka gomesi ya kumvika. Jua lilikuwa kali, la kupasua kisogo. Nilipozunguka nyuma nikanusa plastiki inayoiva. Edgar alikuwa kivulini ameketi, ametulia.

"Kuna kitu kinaungua," nikamwambia.

"Hapana, hiyo ni harufu tu," akasema. "Jana breka ilikuwa inaanguka anguka, inazima mashine, kila saa. Watu wanaingia kuona maiti zao, mlango wazi, joto hili. Nimepanda ngazi mimi mwenyewe nikaweka breka ya sitini na tatu. Tangu hapo haijaanguka tena." Alijipiga kifua kidogo.

Nikampigia Emoit. Alifika kwa bodaboda, akasimama hatua kumi kutoka ukutani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amelala upande gani?" Nikamwonyesha. Akaipitia mbali pembe ile, akaja kwa upande wa mashine, akaugusa waya pale unapotoka darini. Akauondoa mkono upesi. Akanyamaza.

Kisha akazima mashine.

"Mama Akiror," akaniambia, akinitaja kwa jina la binti yetu, "hii waya imeiva. Bado kidogo tu iwashe paa."

Edgar akasimama. "Lakini breka haianguki. Shida iko wapi?"

"Breka ni askari ya waya," Emoit akasema. "Jana askari alikuwa anapiga kelele, anasema waya inaumia. Wewe umemfukuza, umeleta ingine kiziwi. Sasa waya inaungua na yeye amekaa tu."

"Basi rudisha ile ndogo."

"Nikirudisha ndogo itaanguka, na baridi itapotea. Ndogo haifai, na hii yako haifai. Na waya pia haifai. Kosa la waya ni yangu." Alisema hivyo akitazama chini, na Edgar akafurahi waziwazi.

Wakati huohuo Mjomba Maloba akafika na wazee wawili kuja kupima jeneza. Akasikia kimya cha mashine, akauliza, akaelezwa. Mjomba hajawahi kumpenda Emoit. Humwita fundi wa pasi. Aliutazama ukuta, akalitazama jua, akatoa saa yake ya mfukoni ambayo anaipenda kuliko kanisa.

"Sasa ni saa tano na nusu," akasema. "Mimi siwezi kuacha dada yangu aharibike watu wakiangalia. Saa kumi nitarudi. Kama chumba hakijaanza kuwa baridi, natuma vijana wachimbe leo, tunazika kesho asubuhi na mapema."

"Prossy anafika kesho jioni," nikasema.

"Atakuta kaburi. Wangapi wamekuta kaburi? Na mkwe ajue, ukoo utajua ni nani alifunga hiyo mashine."

Hakumwambia Emoit moja kwa moja, aliyatupa maneno hewani yaokotwe. Emoit akayaokota.

Mjomba alipoondoka, Emoit akasema kwamba safari hii habahatishi. Anataka kibati. Bila kibati atanunua waya kwa kukisia, na mashine ikianza kwa nguvu kwenye joto lile breka inaweza kuanguka tena, na muda wa kurudia haupo. Kibati kilikuwa ndani. Ndani alikuwamo mama. Angeweza kuvunja desturi siku ile, nani angemwona? Nilimwambia hivyo, Mungu anisamehe. Akatikisa kichwa. "Miaka kumi na tisa nimemkimbia akiwa mzima, ananiona. Sasa haoni, ndiyo nimwingilie? Hiyo ni wizi."

Mhudumu wa mochari alikuwa amekwenda Sop Sop kwenye mazishi mengine, kwa hiyo tukamtuma Edgar. Akaingia na tochi. Hakumaliza dakika moja akatoka, jasho linamtoka masikioni, akasema ameona, imeandikwa mia nne na kumi na tano.

"Hiyo ni volti," Emoit akasema. "Volti naijua. Nataka ampea, ya kompresa, ile mota kubwa, na ya feni."

"Si imeandikwa hapo tu," Edgar akasema, na akaketi. Hapo ndipo mji wa Busia ulipopata kujua kuwa mwenye mochari anaogopa maiti. Niliusimulia mimi.

Ikabaki mimi. Nilikuwa nimemwogesha mama Jumanne, nikadhani nimemaliza. Nikachukua tochi na kigoda nikaingia. Baridi bado ilikuwapo, ya kukatakata. Maiti zilikuwa tatu, na mama ndiye aliyelazwa chini kabisa ya mashine, kichwa chake kikielekea feni, amefunikwa shuka. Maisha yake yote alikuwa na tabia ya kukaa pale ambapo mtu hawezi kupita bila kumwomba radhi. Nikamwambia, "Mama, samahani," nikaweka kigoda pembeni ya kichwa chake, nikapanda. Hapo nikalia. Nalisema kwa sababu shangazi zangu walieneza kwamba sikulia. Nililia juu ya kigoda, nimeshika feni ya samaki.

Kibati kilikuwapo, kimefunikwa magamba yaliyokauka. Nilijaribu kukipiga picha, simu ikashika ukungu. Nikakwangua kwa ukucha. Pale mashine inapopenya ukuta palikuwa na nafasi, na sauti ya Emoit ikaingia kutoka nje, karibu kabisa, kama yuko nami kitandani.

"Amefunikwa?"

"Amefunikwa."

"Vizuri. Soma polepole. Kompresa?"

"Ishirini na mbili."

"Feni?"

"Mbili. Moja na nusu, na nyingine moja na nusu."

Nikamsikia akihesabu kwa mdomo, kama mtoto. "Ile kubwa unaongeza robo yake. Ishirini na mbili, robo ni tano na nusu. Feni zote mbili, jumla tatu. Inakuja thelathini na nusu. Chini imeandika waya ibebe ngapi?"

Nikakwangua tena. "Isipungue thelathini na moja."

"Ndiyo. Na breka?"

"Isizidi hamsini."

Akasema, "Mimi niliweka waya ya nne. Chini ya ile bati, mchana, inabeba kama ishirini tu. Ilikuwa hapo siku zote, Mama Akiror. Niliogopa harufu ya samaki. Mwambie sikusoma."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu. "Anakusikia kuliko mimi."

Nikasikia viatu vyake vikiondoka.

Alivuka kwenda upande wa Kenya kutafuta waya wa milimita kumi, kwa kuwa upande wetu aliyekuwa nao alikuwa amefunga duka kwenda harusini. Mimi nikabaki na kazi ya barafu. Mashine imezimwa, joto linaingia, nami nina mama wa kutunza mpaka saa kumi. Busia barafu nyingi inayopatikana upesi ni ya wauza samaki. Wanawake wale hawakuniuliza maswali. Walinipa mabeseni manne, mmoja akanisaidia kubeba mpaka mlangoni. Nikampanga mama barafu kila upande. Ilinuka mputa mpaka machozi yakanirudi kwa sababu nyingine. Kama kungekuwa na kitu cha kumwamsha mama yangu, angeamka hapo na kunitukana.

Emoit alirudi saa nane kasoro, amechelewa, amekasirika. Duka la kwanza walimpa waya ulioandikwa kumi. Alikata ncha, akamenya, akaitazama shaba ndani, akawaambia huu ni sita amevaa koti la kumi. Wakamfukuza. Duka la pili lilikuwa na waya wa kweli, na breka ya arobaini, ile aina ya mota, inayovumilia teke la mashine inapoanza kisha ikatulia. Hamsini ndiyo ilikuwa mwisho wa kibati, akaniambia, lakini mwisho si lazima ufike. Thelathini na moja iko chini, hamsini iko juu, arobaini inakaa katikati na waya wa kumi unaiweza.

Hakuupitisha darini tena. Aliuzungusha ukutani upande wa kivuli, ingawa njia ilikuwa ndefu mara mbili, akatoboa, akapiga vishikio, shati limemganda mgongoni. Edgar alitaka kujua kwa nini anapoteza waya. Emoit akamwambia akalale darini nusu saa, atakuja kumjibu. Kila alipofika kwenye pembe aliyolala mama upande wa pili, aliinamisha kichwa na kugeuza uso, huku mikono ikiendelea. Nilimtazama mtu mzima wa miaka arobaini na sita akipiga misumari bila kuangalia, kwa heshima ya mwanamke aliyekuwa akimkosesha wateja kwa kuvua viatu mbele ya kibanda chake. Alijipiga kidole mara mbili. Hapo nilimpenda kupita siku ya uji.

Saa tisa na dakika ishirini akakaza skrubu ya mwisho. Akaisukuma breka juu. Mashine ikakohoa, ikapiga teke, taa za kliniki nzima zikafifia, na Edgar akafumba macho. Breka ikabaki palepale. Kompresa ikashika mlio wake. Emoit akabana waya kwa mita, ishirini na nne, ishirini na tano, ikatulia. Akaweka mgongo wa mkono kwenye waya. Akakaa hivyo, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

Mjomba Maloba alifika saa kumi kamili, na vijana wawili wenye majembe. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipimo cha joto kilicho mlangoni. Digrii kumi na moja. Akatoa saa yake, akasimama pale. Kipimo kikawa kumi. Baada ya muda ikawa tisa.

"Inateremka," Mjomba akasema.

"Inateremka," nikasema.

Alisubiri mpaka ikafika nane, kwa sababu Mjomba haamini kitu mara ya kwanza. Kisha akawaambia wale vijana, "Rudisheni majembe. Tunamngoja mtoto." Akapita karibu na Emoit bila kumsalimia, ila alipita taratibu.

Emoit hakurudi nyumbani siku ile, wala iliyofuata. Alikaa kwenye kreti ya soda nje ya ukuta, anagusa waya kila saa, anakula nilichomletea. Edgar alimwambia breka imeshakubali, aende. Akasema breka ya kwanza pia ilikubali.

Ijumaa jioni Prossy akafika, na sanduku kubwa na sauti imekwisha njiani. Nilimshika mkono tukaingia. Nikafunua shuka. Prossy akatazama muda mrefu, mimi nikitazama naye. Mama alikuwa vilevile, mdomo umebanwa, nyusi zimekaribiana.

"Kama ananigombeza," Prossy akasema.

"Miaka minane hukuja. Ulitaka acheke?"

Akacheka yeye, kisha akaanguka juu ya mama akalia mpaka mhudumu akatuomba tufunge mlango. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa ameketi kwenye kreti, na najua alisikia yote.

Jumamosi asubuhi tulimvika mama gomesi, tukamtoa. Jeneza likapandishwa kwenye pikapu, watu wakajipanga kwa safari ya Masaba. Wakwe walikuwa na gari lao la nyuma kabisa, pamoja na ng'ombe wao, jinsi inavyotakiwa, ili mkwe asikae karibu na marehemu. Gari likawa limejaa, dereva anapiga honi. Emoit hayupo.

Nikarudi nyuma ya kliniki. Kreti ilikuwa tupu. Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa umesogezwa bila kufungwa. Nikachungulia.

Alikuwa amesimama mbele ya kitanda kilichokuwa cha mama, kitupu sasa, kimebaki na alama ya maji ya barafu. Kofia iko mkononi. Kichwa kimeinama na macho yako sakafuni, kana kwamba mama bado yupo pale. Alikuwa akizungumza kwa Kisamia. Miaka kumi na tisa aliniapia hajui Kisamia, nami na mama tulimsengenya kwa lugha hiyo pale kivulini, mbele ya kibanda chake. Alikiongea kibaya, kama mtu anayetembea gizani katika nyumba ya wengine, lakini nilimwelewa. Alikuwa akimwambia habari ya shati la kanisani, na harufu, na mita, na waya wa nne. Alimwambia yote bila kuruka. Kisha akamwambia jambo la kivuli cha pale Sofia, kwamba alikuwa akitamani kumpelekea kiti.

Nikausogeza mlango polepole.

Mjomba Maloba alikuwa amekuja nyuma yangu, saa mkononi. "Tunachelewa," akasema. "Mkwe anafanya nini humo?"

"Anasoma kibati," nikamwambia.

Mjomba akautazama ule mlango. Akairudisha saa mfukoni.

"Mwache amalize," akasema, na akaenda kumwambia dereva aache kupiga honi.